Ngoma ya Mama Haiti

Gari la kazini likikaribia viwanda vya ngozi vya Athi River, wenzangu hufunga vioo mbio mbio, wanaziba pua, na dereva husonya. Mimi hufungua changu. "Wewe uko na shida," huniambia yule wa uhasibu, nami humwambia shida yangu aniachie mwenyewe. Harufu ile ya ngozi mbichi ya ng'ombe ndiyo harufu ya sebule yetu nilipokuwa mdogo, na sitaki mtu anionee huruma kwa sababu hiyo.

Mama yangu alitoka Haiti. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa. Hakuwa Mkongo, ingawa mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kuwa alijua Kifaransa, na wala hakupotea njia akielekea kwingine, kama alivyopenda kutania muuza maziwa wetu. Alikuja Nairobi kusomea uuguzi, akakutana na Baba, Mkamba wa Mitaboni aliyesimamia mizani ya malori kwenye kiwanda cha saruji, wakanunua kiwanja Syokimau wakati ambapo wenye akili zao walisema huko ni kujizika porini. Wa rika langu mnaikumbuka Syokimau ile. Reli ya abiria ilikuwa haijafika, nyumba zilikuwa za kuhesabu, na mvua ikinyesha udongo mweusi ulikuvua viatu ukabaki navyo. Majirani walipochoka kumwita Mkongo, wakamwita Mama Haiti, na jina likamkaa.

Wahaiti wote wa upande wetu wangeweza kutosha kwenye seti moja ya makochi, na kwa kweli ndivyo walivyotosha, kwetu, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tonton, yaani Mjomba, Wiba alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Tant, yaani Shangazi, Jozi alikuwa msusi Mlolongo, na alizungumza Sheng kuliko lugha yake mwenyewe. Walikula supu ya maboga kando ya muthokoi wa Baba, mahindi ya kukoboa na maharagwe, wakabishana kuhusu siasa za kwao mpaka sauti zikakauka, kisha Mama akafuta mikono yake kwenye leso, akasema, "Bon. Tumwamshe."

Aliyekuwa anaamshwa ni ngoma. Zilikuwa tatu. Mbili ndogo zilivuka bahari pamoja na nguo za Mama, lakini ile kubwa, inayoongoza wenzake, ilikuwa haiwezi kuingia kwenye ndege, kwa hiyo alikwenda kwa fundi mmoja Wamunyu aliyekuwa anachonga mizinga ya nyuki. Fundi alikata gogo la mukau, akalitoboa vizuri, kisha akauliza nyuki wataingilia wapi. Ngozi ikatoka Athi River. Jina lake Manman, yaani mama, kwa sababu kwao ndivyo ngoma kubwa inavyoitwa. Basi Manman alikuwa Mhaiti aliyezaliwa Machakos, kama mimi, na kama mimi alikuwa anaulizwa na kila mgeni kwao hasa ni wapi.

Kule kwa Mama, ngoma huchoka kama mtu. Baada ya kupigwa, hulazwa. Mama alimlaza Manman kwenye mkeka kwenye kona ya sebule, akamfunika kitambaa cheupe, na kabla ya kumwinua tena alichukua kikombe cha maji akadondosha kidogo sakafuni, hapa, pale, na pale, bila kusema neno. Kwa muda mrefu niliamini kwamba chini ya kile kitambaa alilala bibi yangu wa Haiti, mgonjwa, na kwamba maji yale yalikuwa dawa yake. Nilipita sebuleni kwa vidole vya miguu. Nikipewa biskuti, nilimwekea kipande, na Mama alipokikuta kimejaa sisimizi hakunicheka. Aliniambia tu kwamba Manman hali vitu vitamu.

Kulikuwa na jambo jingine nililokuwa nalijua peke yangu. Machimbo ya mawe ya Lukenya yalikuwa yakilipua baruti, na mlio ulitufikia mzito, wa chini, kama mtu anayegonga mlango wa ghala. Nami nilishaona kwamba Mama akipiga ngoma hukaa akitazama vilima vya Lukenya. Basi nikajijibu kwamba Haiti iko nyuma ya vilima vile, na kwamba ule mlio ni babu anayejibu. Nikamhurumia Mama kwa kutojua jinsi kwao kulivyo karibu. Nilipanga nikikua nimpeleke kwa miguu.

Na tulicheza! Mchezo wao mkubwa unaitwa yanvalou. Unakunja magoti, unainama mbele, unaacha mgongo upitiwe na mdundo kuanzia kiunoni hadi shingoni, polepole, mpaka huoni pale mwendo unapoanzia wala unapoishia. Halafu Manman anakatiza ghafla, pa! pa! Mdundo unavunjika, nawe unavunjika nao, unarusha mabega, unayumba, kisha unarudi kwenye magoti yako kana kwamba hakuna kilichotokea. Tant Jozi alikuwa akicheza macho yamefumbwa, mikono imeshika sketi, na alikuwa mzuri hata mimi mtoto niliona.

Mama Kioko wa jirani naye aliona, kupitia tundu la ua wa mabati, na alichokiona ni nyoka. Akasema nyumbani kwa Mama Haiti wanawake wanajigeuza nyoka. Mwaka huo mvua ilikuwa imegoma na kuku walikufa kwa kideri mtaa mzima, lakini wa Mama Kioko peke yao walikufa kwa ngoma yetu. Watoto wake wakakatazwa kucheza nami. Wengine wakafuata.

Wakaongezea kwamba tunapiga kelele. Nikikumbuka hilo mpaka leo nachemka. Ndege za kwenda uwanja wa Nairobi zilipita juu ya mabati yetu chini kiasi cha kutikisa vikombe. Lukenya walilipua. Kila kanisa lilikuwa na spika zake, na kila spika ilielekezwa kwa mwenye dhambi wa upande wa pili. Hakuna aliyeandamana. Kelele ilikuwa moja tu, ile ya mwanamke mgeni aliyepiga ngoma mchana, mara moja kwa mwezi, kwenye kiwanja alichonunua.

Mwenyekiti wa wakazi alikuja kwa upole, kofia mkononi. Mtaa wetu ulikuwa na kisima kimoja kilichochimbwa kwa mashine, na funguo za mabomba zilikuwa kwake.

"Mama Haiti, hatuna ubaya na wewe," alisema. "Lakini hiyo kitu itoke. Jumamosi tunakuja na watu wa maombi, inachomwa, tunaomba, mambo inaisha. Mpaka hapo, maji yenu tumefunga kidogo."

"Na mimi nikikataa?"

"Basi mtakunywa hiyo ngoma."

Kesho yake bomba lilikohoa mara moja likanyamaza. Tukaanza kununua maji kwa mitungi kutoka kwa mikokoteni ya punda. Tulikoga kwa kopo. Na Mama, ambaye sasa aliosha vyombo kwa maji ya kuoshea mboga, bado aliinua kikombe na kudondosha kidogo sakafuni kabla ya kumgusa Manman. Baba alimtazama akidondosha, akashindwa kuvumilia.

"Ni mti tu na ngozi," alisema. "Wachome, waridhike. Tutatengeneza ingine."

"Na wewe ni nyama tu na mifupa," Mama akamjibu. "Nitafute mwingine?"

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amani, na amani yake kwa kawaida iligharimiwa na mwingine. Alitoka nje na simu, nikamsikia kando ya dirisha akimpigia mama yake Mitaboni. "Mwaitu," alimwambia, maana Wakamba humwita mama hivyo, "kuja umalize hii maneno. Mimi nimeshindwa na huyu mtu."

Nikajua tumekwisha. Susu, yaani bibi yangu huyo, alikuwa ameokoka kabla Baba hajazaliwa, na wokovu wake haukuwa wa mzaha. Radio yake ilifunguliwa kwa mahubiri na matangazo ya vifo peke yake. Aliwahi kuondoka kwenye harusi ya mpwa wake kwa sababu bendi ilipiga wimbo usiomtaja Mungu. Mtu wa namna hiyo ukimwita aje amalize maneno ya ngoma, si unajua atamalizaje?

Alifika Ijumaa na kuku mzima na mfuko wa kunde. Akasalimu, akanywa chai, akaangalia kona ya sebule. Aliinua pembe ya kitambaa cheupe kwa vidole viwili, akakirudisha. Ukimya wake na wa Mama ulinitisha kuliko Mwenyekiti.

Jumamosi asubuhi Baba na Mama walitoka kutafuta maji, kwa sababu punda siku hiyo walichelewa. Nilibaki na Susu. Nilikuwa nachambua kunde jikoni niliposikia kitu kizito kikiburutwa uani. Nikachungulia. Susu alikuwa amewasha jiko la makaa, makaa yamekolea mpaka kuwa mekundu, naye alikuwa amemlaza Manman ubavu na anamsogeza, uso wa ngozi kwenye moto.

Jikoni kulikuwa na mtungi mmoja wenye maji, ya mwisho. Niliubeba kwa mikono miwili nikakimbia nao na kuumwaga wote juu ya jiko.

Majivu yalipaa. Yaliposhuka, Susu alikuwa wa kijivu kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

"Aii! Ngai wakwa!" alifoka. "Wewe mtoto, unataka kuniua?"

"Usimchome! Susu, usimchome Manman!"

"Nani anachoma? Nani alikuambia nachoma?" Alijifuta macho kwa upande wa leso. "Hii ngozi imelegea. Ngoma baridi haiongei, lazima ionje moto kidogo. Mama yako hajakufundisha?"

Hakuwa amenifundisha. Mama alikuwa akimwanika Manman juani, nami sikuwahi kujua kwamba jua lile lilikuwa na kazi. Susu aliniangalia nikilia, akaangalia jiko lililozimika, akaguna. "Lete kiberiti ingine," alisema. "Na uache kupiga kelele, majirani watasema nakuchinja."

Tuliwasha tena. Alinionyesha jinsi ya kumzungusha Manman taratibu ili ngozi ikazike sawasawa, umbali wa kiganja, usimwache akae mahali pamoja. Moshi ukaingia kwenye ngozi na ile harufu ikapanda. Kisha akamsimamisha, akagonga katikati kwa kiganja, akasikiliza, akagonga pembeni kwa vidole. Akagonga tena. Mabega yake yakafanya kitu ambacho sikuwahi kuona mabega ya Susu yakifanya.

Mama alirudi akiwa amebeba mtungi, akasimama langoni. Hakuuliza kwa nini mama mkwe wake amepakwa majivu. Aliuliza, "Mwaitu, wewe unajua kupiga?"

"Nilikuwa napiga kilumi nikiwa msichana," Susu alisema, bila kugeuka. "Sisi pia tuko na yetu, msifikiri ni nyinyi tu."

Baadaye nilikuja kujua kwamba kilumi ni ngoma ya wanawake wa Kikamba, ya kuombea mvua na wagonjwa, na kwamba wanaume husimama kando. Siku ile niliona tu Mama akiweka mtungi chini, akiketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkabala na mama mkwe wake, na uso wake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu bomba likauke.

"Wanakuja saa nane," Mama alisema.

"Waje."

Walikuja wengi, wanaimba. Mwenyekiti alikuwa mbele na Biblia, Mama Kioko nyuma yake na chupa ya mafuta ya taa, ameishika kwa staha kama mtu anayempelekea mgonjwa soda. Walikuta lango wazi. Katikati ya lango, Manman alikuwa amelazwa chini, na juu yake, amempanda kama mtu anavyopanda punda, alikuwa amekaa Susu na kitambaa safi cheupe kichwani. Baba alisimama pembeni akitazama viatu vyake.

"Susu, habari ya Mitaboni?" Mwenyekiti alisema.

"Mitaboni iko. Nyinyi mmefuata nini?"

"Hiyo kitu umekalia."

"Chukueni. Lakini mtanibeba na mimi juu. Na nawaambia mapema niko na uzito."

Kuna mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa. Mwenyekiti alisogea hatua moja. Susu hakupandisha sauti. "Kijana," alimwambia, "wewe ni Mkamba. Unajua kuvuta mama mzee kutoka pale amekaa ni nini. Kama unaweza kubeba hiyo laana nyumbani kwako, vuta." Mwenyekiti akarudisha mguu mahali ulipokuwa.

"Lakini Susu, wewe si umeokoka?" Mama Kioko aliuliza, na nadhani aliuliza kwa uchungu wa kweli.

"Roho yangu imeokoka. Mikono haikuwa imepotea."

Hapo akaanza kupiga. Mama akachukua ngoma ndogo akaingia, na hapo ndipo aibu ilipotaka kutupata, kwa maana ngoma hazikupatana hata kidogo. Mmoja alikwenda Haiti, mwingine Mitaboni. "Unaharakisha!" Susu akamkemea mkwewe mbele ya watu. "Wewe ndiye unavuta!" Mama akamrudishia. Waombaji walisimama na mafuta yao ya taa wakingojea wale wawili wamalize kugombana. Sijui ni nani aliyemfuata mwenzake. Najua tu kwamba kuna mahali mdundo uliketi, na goti langu likajikunja lenyewe kabla sijaliruhusu.

Nikacheza. Nilitoka mbele ya lango, mbele ya watoto waliokatazwa kucheza nami, nikainama, nikaachia mgongo. Nilimtazama Mama Kioko machoni ili aone vizuri, bila kuchungulia kwenye tundu. Nilikuwa na hasira, na sikujua kabla ya siku hiyo kwamba hasira inaweza kuchezwa. Manman alipokatiza nilivunjika, nikarudi, nikavunjika tena. Jasho lilinimwagikia machoni nami sikulipangusa.

Walipopumzika, Mwenyekiti alisema tunaleta mambo ya giza mtaani. Mama alisimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini siku ile hakikukwama.

"Babu zangu walikuwa watumwa," alisema. "Walikatazwa kupiga. Walipiga, wakapigana, wakafukuza mabwana wao wote baharini. Sasa wewe, na ufunguo wako wa bomba, ni nani?"

Mwenyekiti aliinua Biblia, akawageukia wenzake. Mwanzo waliimba tena kidogo, kisha wimbo ukapungua, kisha mmoja mmoja wakakumbuka kazi walizoacha nyumbani. Mama Kioko aliondoka na chupa yake imejaa.

Maji hayakurudi. Sitaki mtu adhani wema ulishuka mtaani siku ile kama mvua. Tulinunua mitungi mwaka mzima, na wapo waliovuka barabara wakituona mpaka tulipohama. Lakini Jumatatu yake Baba, mtu wa amani, alipanda juu ya mabati na nyundo akaanza kufunga gata za kukingia mvua, wakati mawingu hayakuwepo hata moja. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi Mama hakufunga lango. Aliliacha wazi pande zote mbili, Tonton Wiba akashangaa, Tant Jozi akafumba macho akacheza hadi barabarani.

Habari zilimtangulia Susu Mitaboni. Shule zilipofungwa nilipelekwa kukaa naye, na Jumapili ya kwanza tulikwenda kanisani, tukaketi benchi la mbele alilokaa miaka yote. Baada ya matangazo, mchungaji alimwita jina lake lote, akasema kuna jambo kanisa linataka kulisikia kutoka kinywani mwake. Wazee wawili wa kanisa walisimama kando yake, mikono nyuma. Kanisa zima likageuka. Nilimshika Susu kidole kidogo, akakitoa taratibu, akainuka, akainyoosha leso yake.

"Mama," mchungaji alisema, "tumesikia ulipiga ngoma huko kwa mtoto wako. Hatutaki kukuhukumu. Sema tu mbele ya hawa watu kama unajuta."

"Najuta," Susu alisema.

Watu wakashusha pumzi. Mchungaji akafumba macho tayari kwa maombi.

"Nilikuwa na ngoma yangu," Susu akaendelea. "Nilitengenezewa na baba yangu. Nikiwa msichana wa kuolewa wanaume wa hili kanisa waliniambia niichome, nikaibeba mwenyewe kwa mgongo, nikaichoma hapo nje, hapo mnafunga baiskeli. Hiyo ndiyo najuta."

Akaketi, akafungua kitabu cha nyimbo, akangojea ibada iendelee.